Dubu wa Moscow na Kiswahili cha programu zetu

Leo tuweke seva na hifadhidata kando kidogo, nataka tuzungumze kuhusu dubu.

Winnie the Pooh mnamjua, yule mpenda asali aliyebuniwa na Mwingereza A. A. Milne, kitabu kikatoka mwaka 1926. Wengi wetu tulikutana naye kupitia Disney, wa rangi ya manjano na fulana nyekundu. Sasa, Warusi wana wa kwao, Vinni-Pukh. Studio ya Soyuzmultfilm ya Moscow ilitoa katuni tatu fupi, mwaka 1969, 1971 na 1972, mwongozaji akiwa Fyodor Khitruk. Nimezitazama zote kwa kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na nikazirudia.

Dubu huyu ni wa kahawia, hana nguo, na anajiimbia njiani. Mandhari imechorwa kama kazi ya mtoto wa chekechea mwenye penseli za rangi. Akitembea, mkono na mguu wa upande mmoja huenda pamoja, kama ngamia. Sauti ni ya mwigizaji Yevgeny Leonov, iliyorekodiwa kisha ikaongezwa kasi mpaka ikawa nyembamba.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba Christopher Robin hayumo kabisa! Kitabuni, Pooh anapopanda hewani kwa puto kuiba asali ya nyuki, yule mvulana ndiye anayetembea chini na mwavuli akijifanya mvua inakuja, na ndiye anayelipiga puto risasi ili Pooh ashuke. Kwenye katuni kazi hiyo amepewa Piglet. Waandika programu wenzangu mtanielewa: ukiondoa moduli, kazi yake haiondoki, lazima ibebwe na mwingine. Na kwa vile sasa aliyeshika bunduki ni kale kaoga kadogo, hadithi imekuwa ya marafiki wawili wasio na mtu mkubwa wa kuwaokoa. Imepata nguvu mpya.

Halafu kuna majina. Boris Zakhoder, aliyekileta kitabu kwa Kirusi mwaka 1960, alikiita kazi yake kusimulia upya, si kutafsiri. Piglet alimwita Pyatachok, neno ambalo kwa Kirusi ni pua ya nguruwe na pia sarafu ndogo ya kopeki tano. Mtoto akilisikia tu, ameshamwona mhusika.

Sasa tuje kwetu. Majuzi nilikaa na mama mboga mmoja akijaribu programu ya simu tuliyoletewa ikiwa imeshatafsiriwa. Alijaza kila kitu vizuri, akafika kwenye kitufe kilichoandikwa "Wasilisha" akasimama.

"Niwasilishe nini mwanangu, na kwa nani?"

Nikamwambia ni kutuma tu. Akacheka, akabonyeza. Neno lenyewe halikuwa na kosa, hata kamusi ingelitetea. Ila lilimfanya mtu mwenye akili zake, anayepiga hesabu za soko zima kichwani, ajione mjinga mbele ya simu. Wangapi wanafika hapo na hawana wa kumuuliza? Wanafunga, wanarudi kwenye Kiingereza cha kubahatisha, halafu sisi tunasema watu hawataki programu za Kiswahili.

Tunadhani kuheshimu kazi ya asili ni kuhamisha kila neno lilivyo. Khitruk na Zakhoder walibadilisha sura, majina, wakafuta hata mhusika mzima, na bado dubu ni yuleyule, mroho, mpole, mtunga nyimbo. Waliuliza kila kitu kinafanya kazi gani, kisha wakatafuta cha kwao cha kuifanya. Hilo ndilo swali la kuuliza kwa kila kitufe.

Haya, zitafuteni hizo katuni, ya kwanza ni ya dakika kumi na kitu tu. Kisha mniambie, Piglet angeitwa nani kwa Kiswahili? Na asije mtu hapa na "Kitoto cha Nguruwe"!