Namba Zilipokwisha Kariakoo

Mjomba wangu alikuwa fundi redio Zinga tangu kabla barabara ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo haijawekwa lami. Wateja wake walikuwa wavuvi wa Mlingotini, walimu, wenye minazi na watumishi wa chuo cha uvuvi cha Mbegani. Redio nyingi walizomletea zilikuwa National, kwa sababu kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966 ikawa inatengeneza redio na betri, au Philips, ambazo nazo ziliunganishwa Arusha. Spea basi haikuwa kitu cha kuhangaikia. Transista ikiungua, Mjomba aliandika namba yake kwenye kipande cha karatasi, akampa mtu anayepanda basi kwenda Kariakoo, na kesho yake namba ileile ilirudi imefungwa kwenye gazeti. Akaichomeka, akailehemu, redio ikasema.

Redio wakati ule ilikuwa shule na ofisi ya serikali kwa pamoja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania na kuvijadili, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mjomba alizoea kusema kwamba redio ya kikundi ikinyamaza, kijiji kizima kinakosa somo, na ndiyo maana hakuwahi kumwambia mtu "haitengenezeki" kabla hajalala nayo usiku mmoja. Nimerithi tabia hiyo pamoja na meza yake.

Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Pasi yake ya kulehemia ilikuwa nondo ya shaba yenye mpini wa mti, ikikaa ncha ndani ya jiko la mkaa, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupepea jiko hilo na kuifuta ncha kwa kitambaa kilicholoa kabla hajaishika. Redio zilijaribiwa kwa betri ya gari. Betri kavu zilizochoka zilianikwa juani juu ya bati, zikapata nguvu kidogo ya kumalizia taarifa ya habari ya usiku.

Kitu cha kwanza kilichonionyesha kwamba namba peke yake haitoshi kilikuwa transista iitwayo AF117, iliyotumika katika redio za Ulaya za miaka ya 1960. Ni kikopo kidogo chenye miguu minne. Mitatu inafanya kazi. Wa nne umeungwa na kopo lenyewe na kupelekwa kwenye ardhi ya saketi ili kuzuia mikwaruzo ya nje. Redio yenye transista hizo hukaa miaka bila tatizo, kisha inanyamaza ghafla, na ukiipima huoni kilichoungua. Mjomba alichukua koleo, akaukata ule mguu wa nne, na sauti ikarudi. Nilidhani ni uganga. Baadaye sana ndipo niliposoma sababu: bati lililopakwa ndani ya kopo huota vinyweleo vya metali vyembamba kuliko unywele wa mtu, vinasogea mpaka vinagusa sehemu ya ndani ya transista na kuupeleka umeme ardhini. Ukiukata mguu wa kopo, kinyweleo kinabaki palepale ila hakina tena njia. Dawa hiyo ni ya muda, kwa maana kinyweleo cha pili kikiota, sehemu mbili za transista huungana kupitia kopo hilohilo. Lakini mvuvi alipata redio yake kwa msimu mzima wa kaskazi, na Mjomba alipata muda wa kutafuta nyingine.

Akawa anatafuta na hapati. Transista za jemaniamu, jamii ya akina AF117 na AC128, zilikuwa zinaachwa viwandani, na dukani zikaletwa za silikoni. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno "mbadala" likitumika kwa kitu kisichofanana na kilichotoka. Jemaniamu huanza kufunguka kwa volti 0.2 au 0.3 hivi, silikoni inataka kama 0.6. Ukitoa moja na kuweka nyingine bila kugusa kitu kingine, spika inakwaruza, hasa sauti ikiwa ndogo, kwa sababu transista inachelewa kuamka. Mjomba alibadili na rezista zinazoilisha transista, moja baada ya nyingine, akiwa ametega sikio mpaka mkwaruzo uishe. "Mjomba," aliniambia, maana sisi tuliitana hivyo wote wawili, "usiulize inaitwaje. Uliza ilikuwa inafanya kazi gani hapa."

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kitu kiliadimika nchini, tangu sabuni hadi betri, na Kariakoo yenyewe ikawa haina namba za kutosha. Hapo tukaanza kuzika na kufukua. Redio iliyovunjika kabisa haikutupwa. Ilinunuliwa kwa bei ya chini, ikafunguliwa, na viungo vyake vikapangwa kwenye makopo ya maziwa kwa aina: transista za nguvu, transista ndogo, kapasita, koili za mawimbi. Kila kilichotolewa kilipimwa kwanza kwa mita. Sehemu kubwa ya redio zilizosemea Zinga miaka hiyo zilikuwa zimebeba viungo vya redio nyingine zilizokwisha kufa.

Biashara ilipofunguliwa, na hasa wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi aliyeitwa Mzee Ruksa, redio kaseti ziliingia kwa wingi kutoka Dubai na Zanzibar. Ndani yake hakukuwa tena na transista kumi za kufuatilia moja moja. Palikuwa na aisii, chipu moja yenye miguu mingi iliyomeza saketi nzima. Kwa fundi lilikuwa jambo la furaha na la hofu. Furaha, kwa sababu chipu ikiungua unabadili kitu kimoja na umemaliza. Hofu, kwa sababu isipopatikana huna pa kushika: huwezi kuifungua ukarekebisha kiungo kimoja cha ndani.

Niliyoizoea zaidi ilikuwa TBA810, chipu ya sauti yenye uwezo wa kama wati 7, miguu 12 na mabawa mawili ya bati ubavuni ya kutolea joto. Kuitoa kwenye bodi bila kung'oa njia za shaba kulitaka subira. Tulichuna waya wa spika, tukazichovya nyuzi zake kwenye flaksi, tukazilaza juu ya miguu na kuzikandamiza kwa ncha ya moto. Nyuzi zikanyonya solda yote na miguu ikabaki huru. Pwani kazi hiyo ina ugumu wake. Upepo wa chumvi hugeuza shaba kuwa kijani, na njia iliyoliwa na kutu hufumuka ukiigusa tu. Redio ya mtu wa ngalawa tuliisafisha kwanza kwa mswaki na spiriti, ikakauka, ndipo tukaanza kuulizana inaumwa nini.

TBA810 ilipotoweka madukani nilikuwa nimekwisha kuwa fundi kamili, na lile neno la Mjomba likawa chombo changu cha kazi. Ilikuwa inafanya nini pale? Ilipokea sauti ndogo kutoka kwenye kitufe cha kuongezea sauti na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Nilihitaji kujua mambo matatu: volti ngapi zinaingia, sauti inaingilia mguu upi, na spika ni ya omu ngapi. Jibu likiwa volti 12 na spika ya omu 4, chipu ya TDA2003, iliyoundwa kwa redio za magari, inaifanya kazi hiyo vizuri. Haina miguu 12; ina mitano. Haiwezi kukaa kwenye matundu ya zamani. Nilikata kipande cha bodi, nikaipanga hapo pamoja na kapasita na rezista chache inazozitaka, nikaifunga kwenye bati la kupoza joto, kisha nikavuta nyaya nne kwenda kwenye redio: umeme, ardhi, sauti inayoingia na sauti inayotoka. Kwa nje mwenyewe haoni tofauti. Kitufe ni kilekile, kioo cha stesheni ni kilekile, na sauti inatoka safi.

Si kila badiliko linataka kazi hiyo yote. Nyingine ni za ndugu wa tumbo moja. TDA2030 ina miguu mitano, na LM1875 ina miguu mitano iliyopangwa vilevile, inavumilia umeme mwingi zaidi, na inaingia palepale. Na ziko ambazo hazikuwahi kutuacha. Amplifaya nyingi za misikiti na za mikutano tulizozifungua zilitumia transista ya 2N3055, iliyobuniwa na kampuni ya RCA ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo inatengenezwa. Kila nikiishika najua kwamba spea hukaa sokoni ikiwa bado kuna wengi wanaoihitaji, na huondoka wakipungua.

Kisa cha STK kilinifundisha upande wa pili. Hizo zilikuwa chipu nene za Sanyo, zilizobeba sauti za sistimu kubwa za miaka ya 1980 na 1990, zile zilizopigwa kwenye harusi na kumbi za ukanda wetu wote. Sanyo iliuza biashara yake ya chipu kwa ON Semiconductor ya Marekani, mauzo yakakamilika Januari 2011. Oktoba mwaka huohuo mafuriko ya Thailand yaliufunika mtambo wake wa Ayutthaya, na kampuni ikaamua kutoufufua tena. Sisemi mafuriko hayo ndiyo yaliyoziua STK. Sistimu zenyewe zilikuwa zimeanza kuachwa kutengenezwa. Ila tangu hapo niliona wazi kwamba maji yanayojaa Asia yanaweza kunyamazisha spika ya Bagamoyo.

Pengo hilo lilijazwa na feki. Chipu iliyoandikwa STK kwa herufi nyeupe safi iliungua kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Tukajifunza kukagua kabla ya kulipa: kufuta maandishi kwa pamba yenye thina uone kama yanatoka, kulinganisha uzito na mgongo wa aluminiamu na ile iliyoungua, kuangalia kama miguu imewahi kulehemiwa. Hata 2N3055 za bandia zipo. Ukilikata kopo lake kwa msumeno unakuta kipande cha silikoni kidogo mno, kisichoweza kubeba mkondo unaodaiwa. Fundi mwaminifu hupoteza jina lake kwa kosa la mtu asiyemjua, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa tumefika kwenye enzi ya bodi nzima. Chipu ya PAM8403, ndogo kuliko ukucha, inatoa wati 3 kwa kila upande kwa umeme wa volti 5 wa chaja ya simu, na inauzwa ikiwa tayari juu ya bodi yake. Ziko nyingine zenye bluetooth, redio ya FM na mahali pa kuchomeka fleshi. Kijana anafungua National ya babu yake, anatoa kila kitu, anaweka bodi hiyo, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Sina ugomvi naye. Tangu Radio One ianze mwaka 1994 na nyingine nyingi kuifuata kwenye FM, redio ya masafa ya kati ina kidogo cha kusikiliza, na mwenye nayo anataka sauti. Lakini kinachong'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mara nyingi ni kizima: koili, transfoma ndogo, transista za jemaniamu ambazo hakuna kiwanda kitakachotuletea tena. Kila bodi ya namna hiyo inayoyeyushwa inafunga mlango wa redio nyingine iliyobaki kabatini kwa mtu.

Kwa hiyo nina madai matatu kwa mafundi wenzangu wa ukanda huu. Msiuze bodi kuukuu kwa kilo, zipangeni. Mkibadili chipu kwa mbadala, bandikeni karatasi ndani ya kifuniko, mchoro na tarehe, ili fundi ajaye asihangaike na saketi asiyoikuta kwenye kitabu chochote. Na vijana mnaowapokea, wawe wametoka VETA au wametoka nyumbani, wafundisheni kusoma karatasi ya kiwanda, ambayo siku hizi inafika kwenye simu bure, kwa kutafuta mambo yaleyale: volti, njia ya sauti, omu za spika.

Mjomba alikuwa na kitabu kimoja cha mbadala wa transista, kimechanika, na kilimtosha kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na duka lenye karibu kila namba. Sisi tuna vitabu vyote duniani mfukoni, na namba zimekwisha. Vifaa vya wazee wetu vitaendelea kusema kwa kadiri tutakavyoijua kazi ya kila kiungo kiasi cha kumpa kazi hiyo mwingine. Ujuzi huo ndiyo spea pekee ambayo bado tunaweza kuitengeneza wenyewe, hapahapa Zinga.