Mashine ya Kahawa Iliyofika Chewele



Atokaye Malindi kwenda Chewele hupanda gari mpaka Garsen, akaiacha njia ya Lamu mkono wake wa kulia, kisha akaufuata Mto Tana kupitia Hola hadi upande wa Bura. Njiani mathenge imesongamana, na ng'ombe wa Waorma hukata barabara bila ya haraka. Maji ya mto huo yametoka Aberdare na Mlima Kenya, kwenye nchi ya mashamba ya kahawa, yakafika huku ambako kahawa haioti.

Hata hivyo, mgeni wa Chewele huheshimiwa kwa kahawa. Mama mwenyeji wangu alinipokea kwa buna, yaani punje za kahawa pamoja na maganda yake, zilizokaangwa kwa samli hadi zikapasuka. Tulipokuwa tukila, niliona sanduku jipya pembeni, limefunikwa kanga. Binti yake akaniambia, "Sheikh, hiyo ni mashine ya espreso. Nakuuliza: nimeuziwa hasara, au nimejinunulia mwenyewe?"

Yeye na wanawake wenzake wa chama walikusanya fedha ili wawauzie kahawa wasafiri. Kwenda Mombasa na kurudi ni siku mbili, na watoto hawana wa kuwaangalia. Basi akaagiza kwa simu. Picha ilipendeza, bei ilikuwa chini ya ya dukani, na mzigo ukaletwa kwa basi hadi Hola. Alipoufungua, chini ya mashine pameandikwa volti 120, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240. Na nyumba yenyewe haina umeme huo: ina sola ya kuwashia taa na kuchajia simu, na mashine kama ile ikichemsha maji hutaka zaidi ya wati 1,000.

Tuliyasoma maelezo ya muuzaji pamoja. Zile volti zilikuwa zimeandikwa, mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo.

Nikamwambia: Mwanangu, wanavyuoni wamelitazama jambo hili tangu zamani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu mahususi hakiuzwi kabla mnunuzi hajakiona. Mahanafi wameruhusu, wakampa mnunuzi hiari ya kukubali au kukataa akionapo. Ama kitu kisichokuwa mahususi, kilichosifiwa kwa ukamilifu kikawa dhima ya muuzaji, bei ikatangulizwa, kina mlango wake uitwao salam. Muuzaji akificha aibu, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Hapa sifa haikufichwa. Iliwekwa mahali pasipoonekana upesi. Muuzaji mwema asingeiweka pale, na mnunuzi makini angeitafuta.

Hiari ya kurudisha alipewa, siku saba. Lakini siku nne zilikuwa zimekwisha njiani. Haki ipo kwenye karatasi, barabara imeila. Tuliwahi kuipakia mashine kwenye basi la alfajiri. Fedha zikarudi, pungufu ya nauli za mzigo kwenda na kurudi, na upungufu huo aliulipa yeye kwa wenzake.

Mwezi uliofuata alikuja Malindi na mama yake, nikawapeleka dukani. Walichagua birika la moka, lililobuniwa Italia mwaka 1933 na Alfonso Bialetti na kupewa jina la bandari ya Mokha ya Yemen. Maji hukaa chini, unga wa kahawa katikati, na mvuke huyasukuma maji kupanda juu. Si espreso kamili, kwani hiyo hutaka mkandamizo wa takriban baa 9. Lakini kahawa yake ni nzito, na linakaa juu ya jiko la makaa.

Mwenye duka alilijaza maji akaliweka motoni mbele yetu. Likavuja kwenye mpira. Akavuta droo, akabadilisha mpira, akalijaribu tena, ndipo akapokea fedha. Bei ilizidi ile ya simuni. Nilikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini, akamtaka muuzaji aliweke juu watu waone.

Sisemi simu iachwe. Kwa mama wa Chewele simu ni duka lililo karibu kuliko yote, na mipira ya akiba ya birika lile aliiagiza kwa simu, kwa kipimo chake, ikafika sawa. Kinachoelezeka kwa kipimo na maneno, kiagizwe. Kinachohitaji kujaribiwa kwa moto na maji, kifuatwe. Na anayeagiza asome hadi mstari wa mwisho, aulize volti na wati, na ahesabu siku za kurudisha pamoja na siku za barabara, hasa fedha zikiwa amana ya wenzake.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika kuuza na kununua kwetu. Amin.