Kobe Namba Tatu

Mjomba aliponiuliza nafanya nini fildi, nikamjibu nafuatilia kobe, alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Bumu lote lile, halafu unamkimbiza kobe? Mpwa wangu, huyo hata mtoto wa chekechea anamkamata."

Kumkamata ni rahisi kweli. Kazi ni kujua anakwenda wapi ukishamwachia. Mwaka jana nilichagua kijiji kimoja upande wa bara wa Kilwa, si mbali na Nangurukuru, kwa sababu ya kisayansi kabisa: kwa mjomba unalala na kula bure. Kobe niliyemfuata ana bawaba nyuma ya gamba. Akitishwa anafunga, miguu ya nyuma inabaki ndani salama. Hela ya redio za kufuatilia wanyama sikuwa nayo, basi nikabandika kibonge cha uzi wa cherehani mgongoni kwa gundi, ncha nikaifunga kwenye kichaka. Kobe anatembea, uzi unajifungua. Asubuhi unaufuata na kuandika nukta za GPS. Mwisho unazungushia mstari nukta za nje kabisa, na hilo ndilo eneo lake la kuishi.

Kiangazi kobe hawa hujibanza. Siku nne mfululizo Kobe Namba Tatu hakutoka chini ya gogo moja bovu. Shida ni kwamba gogo lilikuwa katikati ya pori alilofyeka mjomba kwa ajili ya ufuta, na Jumamosi alipanga kuchoma. Bawaba inamsumbua nyegere labda, moto hapana.

"Shikamoo mjomba. Naomba uniachie ile kona tu."

"Marahaba. Leo kona ya kobe, kesho kona ya nani? Ada ya mdogo wako inatoka humo humo."

Sikuwa na la kusema. Hata nauli yangu ya kwanza kwenda chuo ilitoka kwenye ufuta wake.

Ijumaa jioni nikambeba kobe kwenye ndoo, nikavuka korongo, nikamwacha chini ya mikorosho na uzi mpya. Nilijua naharibu data. Nilijua pia kwamba kumhamisha kobe si kumwokoa. Mwaka 2008 huko California, jeshi la Marekani lilipopanua uwanja wake wa mazoezi wa Fort Irwin, mamia ya kobe wa jangwani walihamishwa, na wengi wakaishia midomoni mwa wanyama wala nyama. Nilisoma yote hayo. Bado nilibeba ndoo.

Jumapili nikaufuata uzi. Ulishuka korongoni, ukapanda upande wa pili, ukaelekea nyumbani kwake karibu moja kwa moja, ukakatika ukingoni mwa majivu. Mjomba alinikuta nachokoachokoa kwa fimbo. Hakusema neno, akachukua fimbo yake, tukatafuta mpaka jua kali. Hatukuona hata kipande cha gamba.

Kwenye ripoti nukta zake zinaishia Ijumaa.

Desemba, siku mbili kabla ya UE, mjomba akapiga simu. Mvua imenyesha, na kuna kobe mwenye gundi mgongoni karibu na lile gogo lililoungua. "Nimemzungushia fito nisije nikamkata na jembe," akasema. Halafu akauliza nafunga chuo lini, maana palizi inanisubiri.