Waliotupa Kaki

Ukitaka kugombana na mafundi wanaofufua pikipiki za zamani, waambie hivi: BSA M20 ilianza kuishi siku ilipotoka jeshini. Mimi nimeshagombana nao. Kwao, tukutuku la vita libaki la vita: rangi ya kaki, taa iliyovikwa kofia ya bati, namba ya jeshi kwenye tangi, yamekwisha. Chochote alichoongeza mwenye mali baada ya hapo wanakiita takataka. Sasa mimi naandika riwaya (imefika daftari la nne, na nyumbani wananiuliza kazi nitatafuta lini), na najua kwamba mtu akikufutia takataka zake zote, hakuachii mhusika wa kumwandika.

Tuanze na hesabu. Kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walitengeneza M20 zipatazo 126,000. Ni pikipiki ya silinda moja, cc 496, valvu za pembeni. Nzito, nyuma haina shokapu hata moja, mwendo wake wa kobe, lakini inakwenda. Kampuni ya Matchless nayo ilitoa G3 na G3/L za cc 350, jumla kama 80,000 hivi. Wamarekani walikuwa na Harley-Davidson WLA, ile herufi A ikimaanisha jeshi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi yakabaki na maelfu na maelfu ya vyombo visivyo na kazi, vikauzwa.

Na wanunuzi walikuwepo, kwa sababu Uingereza ilikuwa imechacha. Nchi ilikuwa inazisaka dola kwa udi na uvumba, hivyo pikipiki mpya nyingi zilipakiwa melini kwenda kuuzwa nje. Raia wa kawaida anayetaka chombo cha kumpeleka kiwandani asubuhi alibaki na mzigo wa jeshi. Petroli yenyewe iligawiwa kwa mgawo mpaka Mei 1950.

Hapa ndipo uhondo unapoanza. Mwenye mali akishaifikisha nyumbani, anaanzia wapi? Wengi walianza na mikono na miguu. Japani ilipoiteka Malaya mapema mwaka 1942, mpira uliadimika, na kiwanda kikawa kinatoa M20 zenye vishikio vilivyozungushiwa turubai na pa kukanyagia pa chuma kitupu. Hebu vuta picha: jamaa ametoka vitani, mvua ya Birmingham inanyesha, buti zinateleza kwenye chuma. Anatafuta mpira. Kisha anaing'oa ile kofia ya taa iliyowekwa ili ndege za adui zisione mwanga, na kwa mara ya kwanza taa inamulika barabara nzima. Kisha rangi. Wengine walinunua kwa wauzaji waliokwisha kuzipuliza rangi, wengine walichukua brashi na kopo la rangi nyeusi, wakapaka juu kwa juu, kaki ikiwa bado chini. Ukiniuliza mimi, lile kopo la rangi nyeusi ni mwisho wa vita kuliko karatasi zozote walizotia saini wakubwa.

Halafu mtu anaoa. M20 haikuwa na mbio, lakini ilikuwa na nguvu ya kuvuta, kwa hiyo akaifungia kigari cha pembeni. Sproketi ya injini ikatolewa, ikawekwa yenye meno machache zaidi ili kilima kisimshinde. Mke na mtoto kwenye kigari, safari ya baharini Jumapili. Mwenye visenti zaidi aliitoa foku ya mbele ya kizamani, yenye vyuma na springi moja kubwa, akafunga foku za majimaji za BSA mpya. Mambo ya vigari yalianza kufifia baadaye, magari madogo yaliposhuka bei. Mini ilitoka mwaka 1959.

Marekani walikwenda njia nyingine. WLA ilitoka jeshini ikiwa imebebeshwa kama punda wa Lamu: kioo cha upepo, kinga za miguu, sanduku la risasi, ala ya bunduki kando ya gurudumu la mbele. Vijana wakavua vyote. Digadi la mbele wakalitupa kabisa, la nyuma wakalikata likabaki kipande. Walitaka wepesi. Zile pikipiki zilizokatwakatwa na kurefushwa foku, unazoziona kwenye sinema, asili yao ni humo humo kwenye misumeno ya uani. Vijana wa Uingereza nao hawakukaa bure. Walizipunguza Matchless zao wakashindana nazo matopeni.

Leo gurudumu limerudi nyuma. Wafufuaji wananunua vishikio vya turubai vilivyotengenezwa upya, wananunua kofia za taa, ili warudishe vile vile ambavyo mwenye mali alivitupa akipiga mluzi. Wanasugua rangi nyeusi taratibu kwa msasa wakitafuta namba inayoanza na herufi C, namba ya jeshi. Siwacheki. Kazi yao ni safi, na bila wao zingekwisha kuwa chuma chakavu.

Ila nyumbani kwa bibi, Pongwe, ipo moja. Babu aliinunua mwaka 1961 kwa Mgiriki wa shamba la mkonge. Digadi la mbele alilikata kwa sababu lilikuwa likijaa udongo masika. Kiti alikishindilia usumba. Nyuma alichomelea keria ya nondo, pana kama kitanda cha mtoto, ya kubebea nazi. Mwaka jana mjomba aliisugua tangi, na kweli, chini ya rangi tatu ikatokea C na tarakimu zake. Akapatikana mnunuzi kutoka nje. Bei aliyotaja ingeezeka nyumba nzima ya bibi, ambayo sasa mvua ikinyesha tunapanga sufuria. Sharti lake moja: keria itoke, iwe ya kijeshi.

Mjomba alikwisha kuchomeka grainda kwenye umeme bibi alipotoka na kanga yake moja begani.

"Unakata nini?"

"Keria, mama. Haikuwepo jeshini."

"Na wewe ulikuwepo?" Akaikalia ile nondo, kama anayesubiri basi. "Usiku uchungu uliponishika, babako alinifunga hapa kwa kamba ya mkonge mpaka Bombo. Kila shimo nililihesabu. Haya, kata."

Mjomba alisimama na grainda yake mkononi, imezimwa. Bibi akanigeukia mimi. "Na wewe mume wangu, si ndiyo msomi wa vitabu? Mwambie basi."

Nilimwambia mjomba mambo ya turubai, kopo la rangi nyeusi na vigari vya Uingereza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza bati siku hizi ni shilingi ngapi.

Mnunuzi anapiga simu kila Ijumaa. Mjomba simu yake ameniachia mimi.