Vipande Vilivyokatwa

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, mjini Tanga, nilikuwa na hakika kwamba nimemwona Gabbar Singh akifa. Ningeweza kuapa. Thakur, ofisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili, alimkanyaga jambazi yule kwa viatu vya misumari hadi akakata roho. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kugundua kwamba katika nakala ya Sholay tuliyoonyeshwa, Gabbar hakufa. Polisi walitokea dakika ya mwisho, wakamsihi Thakur aiachie sheria kazi yake, wakaondoka na mtu wao.

Nilimwona wapi, basi, akifa? Uchochoroni kwetu. Kila jioni tuliigiza filamu ile. Kaka yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikuwa Thakur, mikono ameificha ndani ya shati. Aliyechelewa kufika alikuwa Gabbar. Hakuna aliyetaka kuwa polisi, kwa hiyo polisi tuliwaondoa, na Gabbar akauawa kila siku kabla ya adhana ya magharibi.

Filamu hiyo ya Ramesh Sippy ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, wiki chache baada ya serikali ya Indira Gandhi kutangaza hali ya hatari nchini India. Wakaguzi wa filamu hawakuridhia kwamba mtu aliyewahi kuvaa sare ya polisi ajichukulie sheria mkononi, na mwisho ukapigwa picha upya. Watoto wa uchochoroni, bila kujua, tulikuwa tumeurudisha mwisho walioukusudia watunzi wenyewe.

Kuna kipande kingine kilichokatwa. Ahmed, mtoto wa imamu, anakamatwa na majambazi. Gabbar anamtazama sisimizi anayetambaa mkononi mwake, kisha anamponda. Mara farasi anarudi kijijini na maiti. Ya katikati hatuyaoni.

Mwaka 1983 ilipoanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, jirani yetu mwenye duka, mzee aliyezoea kutugawia ubuyu, alichukuliwa usiku. Nilisikia gari, nikasikia mlango ukigongwa. Asubuhi mama alituambia neno moja tu: "Hamkuona kitu." Miezi ilipita. Mzee akarejea amekonda, akakaa barazani kwake, na ubuyu hakutugawia tena. Tulimwona sisimizi, tukamwona farasi. Ya katikati hakuna aliyetusimulia.

Sitaki kumtakasa mtu nisiyemjua vyema. Sabuni na sukari zilikuwa adimu, walioficha bidhaa walikuwapo kweli, na watu wazima wengi wa mtaa wetu waliishangilia kampeni ile. Huenda mzee alikuwa na hatia. Huenda hakuwa nayo. Ninachojua ni kwamba sisi watoto tulilijaza pengo lile kwa namna yetu. Mmoja alisema mzee alikutwa na dhahabu, mwingine kwamba alikuwa jasusi. Kufikia mwisho wa mwaka baadhi yetu tulikuwa tukimwita Gabbar, naye anasikia.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba kukata ni kufuta. Mkasi huacha tundu, na tundu hujazwa na yeyote kwa chochote alicho nacho. Wakaguzi wale walitaka tujifunze kuheshimu sheria. Sisi tukajifunza kwamba polisi ni watu wa kuondolewa ili hadithi iishe vizuri. Imani katika sheria haibandikwi mwishoni mwa filamu. Hujengwa kwa watu kuona ya katikati: nani alishtakiwa, kwa ushahidi gani, na alijitetea vipi.

Mwezi Juni 2025, nakala ya Sholay iliyokarabatiwa, pamoja na mwisho wake wa awali, ilionyeshwa mjini Bologna, Italia. Iliwezekana kwa sababu vipande vile vilihifadhiwa. Mzee wa dukani amekwisha kufariki, na kipande chake kimezikwa naye. Wanafunzi wangu wanaponiuliza miaka ile ilikuwaje, ninawapa kilichobaki: gari, mlango, ukimya.

Waliokuwa watu wazima wakati ule wangali hai wachache. Mwezi uliopita nilimuuliza mama usiku ule aliona nini. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kunisimulia. Alipofika kwenye mlango, akasema tutaendelea siku nyingine.