Kibanio cha Nyuzi

Katika kanisa letu hapa Dzaleka, gitaa la besi lilinunuliwa kabla ya viti. Watu walikaa kwenye mikeka na matofali, lakini besi ilikuwepo, na wageni waliisikia ikinguruma wakiwa bado barabarani. Kwa sisi tuliotoka Kongo jambo hilo halihitaji maelezo. Wimbo usio na besi ni sombe isiyo na chumvi.

Tatizo lilikuwa paa. Kanisa lina kuta za matofali, sakafu ya saruji na mabati juu, bila dari. Mle ndani sauti nene haifi. Unapiga noti moja, inapanda hadi kwenye bati, inarudi chini, inakutana na noti ya pili ambayo nayo inataka kupanda, na kufikia ubeti wa tatu kilichobaki ni ngurumo. Mtu wa spika akiona waimbaji hawasikiki huwaongezea sauti. Mpiga solo naye hujiongezea. Basi mpiga besi anaongeza pia, maana hawezi kuachwa nyuma, na hapo hata mhubiri husubiri mabati yatulie kabla ya kufungua Biblia.

Mwalimu wangu wa besi tunamwita Papa, kama Wakongo wanavyomwita kila mzee wanayemheshimu. Alijifunza Bukavu, akaishi Lilongwe miaka mingi akiuza vitenge mchana na kupiga muziki wikendi. Mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini walipoamriwa kurudi kambini, alirudi na mabegi mawili na gitaa. Yeye ndiye aliyenionyesha mara ya kwanza kwamba kupiga besi ni pamoja na kuzuia sauti. “Finya nyuzi, mwanangu,” aliniambia. “Noti ukiipiga, uiue mwenyewe. Usingoje ife.” Akaweka ubavu wa kiganja chake karibu na daraja, akapiga kwa kidole gumba, na sauti ikatoka fupi, nzito, kama ngumi inayogonga gunia la mahindi.

Nilijifunza njia hiyo, lakini ina gharama yake. Kiganja kikilala juu ya nyuzi, vidole viwili vya kupigia vinafungwa, unabaki na gumba peke yake. Kwa wimbo wa taratibu inatosha. Seben ikianza, gumba linachoka kabla wachezaji hawajatoka jasho. Ndipo nikasoma kwenye simu kuhusu vibanio vya nyuzi: vipande vidogo vya mpira au sponji vinavyopachikwa juu ya nyuzi karibu na daraja, vikafanya kazi ya kiganja na kuuacha mkono huru. Wenzetu wanavinunua madukani, na unaweza kuvipachika na kuvitoa kati ya wimbo na wimbo. Hapa kambini duka la namna hiyo halipo, na kuagiza kitu kidogo kutoka ng'ambo ni safari ndefu kuliko kitu chenyewe.

Nilichukua kandambili iliyokatika kamba. Kwa wembe nilikata vipande vinne, kila kimoja ukubwa wa ncha ya kidole gumba, nikakipasua hadi katikati ili kiume uzi. Mahali pa kuviweka nilipapata kwa kujaribu: vidole viwili hivi kutoka darajani. Ukivisogeza mbele zaidi noti inakufa kabisa. Ukivisukuma hadi vikaegemea daraja havifanyi kitu. Na ukishavipachika usikilize tuni upya, kwa sababu uzi uliobeba mzigo, hata mzigo wa kipande cha kandambili, hubadilika kidogo.

Faida kubwa kuliko zote sikuitarajia. Besi ya nyuzi nne hutuniwa mi, la, re, sol. Kwa hesabu ni mitikisiko 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Ukibonyeza freti ya tatu kwenye uzi mnene unapata sol ya chini, mitikisiko 49. Zidisha mara mbili, unapata 98, ambayo ndiyo uzi mwembamba ulioachwa wazi. Kwa hiyo ukipiga sol ya chini, uzi mwembamba nao unaanza kuvuma wenyewe, haujaguswa na mtu. Nusu ya ngurumo niliyokuwa nikiilaumu kwa mabati ilikuwa nyuzi zikiitikiana. Kibanio kinazinyima nafasi hiyo zote nne kwa pamoja, na mkono wa kushoto hauna haja ya kulinda kila uzi usiotumika.

Papa alivitazama vipande vyangu akacheka. Mkono ndio kibanio, alisema, na mtu anayevaa kandambili kwenye gitaa atavaa gitaa miguuni. Nikamweleza kwamba Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, aliweka kizuizi laini chini ya kifuniko cha daraja, kwa sababu wanamuziki wa wakati ule walizoea besi kubwa ya kusimama, ambayo sauti yake ni fupi. Besi ya Jazz ya mwaka 1960 ilikuwa na kibanio chake kwa kila uzi. Nikamweleza pia kuhusu James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kwa kidole kimoja cha shahada, akiwa na kipande cha sponji chini ya nyuzi. Papa alinyamaza kidogo. “Kumbe naye alikuwa na godoro?” akauliza. Lakini hakuvaa kandambili.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kuona kitu bila kukitafutia jina, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo juu ya neno. Mwanzoni niliandika “kinyamazisho” katika daftari langu. Neno limeundwa vizuri, lakini linasema uongo: uzi haunyamazi, unafupishwa tu. “Kifupisho” lingekuwa sahihi zaidi, ila tayari ni mali ya watu wa sarufi. “Kizima sauti” linanukia moto. Papa anasema kufinya, kwa Kiswahili chetu cha Kivu, na kama uamuzi ungekuwa wangu tungesema “kifinyio” na kumaliza. Nimebaki na “kibanio” kwa sababu kila mwenye kamba ya kuanikia nguo anakijua, na kwa sababu kubana ndiko kunakotokea. Naomba walimu wangu wasinipunguzie alama. Tena tunaishi mahali ambapo hata jina linabana: Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, na kwa Kichewa kuleka ni kuacha.

Februari 2025 ndipo jambo hili lilipoacha kuwa la wanamuziki peke yao. Goma ilikuwa imeanguka mwishoni mwa Januari, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Simu za kule zilikuwa hazipatikani. Kanisani tulifanya mkesha, na kwaya iliimba wimbo wa taratibu ambao katikati yake dada mmoja husoma majina: watu ambao jamaa zao wako hapa kambini na hawajapata habari zao. Familia ziliandika majina kwenye vikaratasi na kuvitia kwenye kikapu. Papa mwenyewe alipiga besi, kwa vidole, noti ndefu, jinsi wimbo wa huzuni unavyopigwa kwa desturi. Ilikuwa besi nzuri. Baada ya ibada mama mmoja alinifuata nikikunja nyaya.

“Mwanangu, jina la kijana wangu lilisomwa?”

Nilimwambia lilisomwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya msomaji na nililisikia. Yeye alikuwa amekaa karibu na mlango, chini ya mabati yaleyale, na kwake majina yote yalikuwa yamegeuka kuwa sauti moja. Akaniomba nilitaje. Nikalitaja. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda, na baada yake wakaja wengine wawili na swali lilelile.

Papa alikuwa hatua tatu kutoka pale, akifuta gitaa. Hakusema kitu usiku ule. Jioni ya kesho yake, tulipojiandaa kwa mkesha wa pili, alinyoosha mkono bila kunitazama: “Lete zile kandambili zako.” Tukavipachika pamoja. Tukapunguza na spika. Besi ikawa inagusa na kuondoka, inagusa na kuondoka, na kati ya mguso na mguso palikuwa na nafasi ya jina moja. Nilihesabu: jina, pigo, jina, pigo. Mama yule alikaa palepale karibu na mlango. Jina la kijana wake lilipofika aliinua mkono, kama mwanafunzi anayeitikia darasani.

Sisemi kibanio kinafaa kila mahali. Miezi michache baadaye tulipata kibali cha kutoka kambini kwenda kupiga kwenye harusi Lilongwe, Area 25, kama kilomita 40 na kitu kutoka hapa. Ukumbi ulikuwa na dari, mapazia mazito na zulia, na watu waliovaa vizuri, ambao nao hufyonza sauti. Mle besi yetu iliyobanwa ilionekana kama mtu anayenong'ona harusini. Mzee mmoja wa Kimalawi alifurahi hata hivyo. Alinyanyuka na kusema, “Ngati babatoni!” Yaani ni kama babatoni, ile besi ya Kimalawi ya kujitengenezea, uzi mmoja na shingo ndefu, ambayo Madalitso Band walianza kuipiga mitaani Lilongwe na baadaye wakaifikisha hadi majukwaa ya Ulaya. Alisikia vizuri. Uzi wa babatoni haukai na noti. Unaitoa na kuiachia ngoma nafasi. Nadhani Fender na fundi wa babatoni wangeelewana bila mkalimani.

Lakini bibi harusi alitaka seben, na seben katika ukumbi wa mazulia inahitaji besi inayotembea. Nilivitoa vipande vyote vinne kati ya wimbo wa pili na wa tatu, nikavitia mfuko wa shati. Papa, aliyekuwa kwenye ridhimu siku hiyo, aliniangalia mkono, akaangalia mfuko, akaanza kuhesabu wimbo.

Vipande vile sasa vimelegea, mpasuko umepanuka na cha uzi wa sol huruka nikipiga kwa nguvu. Kandambili niliyoikata ilikuwa ya mguu wa kushoto. Ya kulia iko chini ya kitanda cha Papa. Anasema anaitunza, na kwamba safari hii atakata mwenyewe, maana mimi hukata vinene mno.