Sote Sasa ni Matawi

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za shirika moja linalofanya kazi na wakulima kusini mwa Tanzania. Makao makuu yako Dar es Salaam. Tawi dogo kuliko yote liko Mbekenyera, wilayani Ruangwa: kompyuta nne, printa moja, na karani ambaye sote tunamwita Mama. Nikiulizwa ninafanya nini hasa, hujibu kwamba nahakikisha mtu akifungua kompyuta yake asubuhi, inamtambua. Inasikika kama kazi ndogo. Lakini msimu wa ufuta, mkulima akiwa amesimama mlangoni akisubiri kumbukumbu zake, kompyuta isiyomtambua karani ni siku iliyopotea na nauli ya bodaboda iliyolipwa bure.

Kwa miaka kadhaa tuliishi na mfumo mseto. Kila kompyuta iliandikishwa mara mbili, kama mtoto mwenye kadi mbili za kliniki. Kwanza kwenye seva yetu wenyewe, mashine nyeusi iliyokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi Dar es Salaam, ikiendesha Active Directory. Pili kwenye wingu la Microsoft, yaani kompyuta za watu wengine zilizo mbali, tunazozifikia kwa intaneti. Kati ya hizo mbili palikuwa na programu iliyobeba majina ya wafanyakazi kutoka seva kwenda kwenye wingu kila baada ya dakika 30. Ila kauli ya mwisho ilikuwa ya seva.

Kwa watu wa Dar hilo halikuwa tatizo, maana seva ilikuwa nyuma ya ukuta. Mbekenyera ilibidi kwanza upate intaneti ya simu, kisha upite njia ya faragha mpaka Dar, ndipo uulize unachotaka kuuliza. Mama alipobadilisha nywila, barua pepe iliipokea ile mpya, lakini kompyuta yake, isiyoiona seva kwa siku kadhaa, iliendelea kukumbuka ya zamani. Basi akawa na nywila mbili kichwani. Aliziita ya mjini na ya shamba.

Kisha ikaja Mei 2024. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar kwenda Lindi katika maeneo kadhaa ya Kilwa. Mbekenyera kulikuwa na kompyuta iliyohitaji kuandikishwa upya kwenye seva, nami ndiye niliyepaswa kwenda kuichukua. Sikuweza kwenda. Tarehe 12, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ikasuasua karibu Afrika Mashariki nzima. Ndani ya siku nane tulikosa barabara, kisha tukakosa bahari.

Kwenye kikao kilichofuata kila upande ulikuja na ushahidi. Waliotaka seva ibaki walisema: mmeona waya ulivyokatika, wingu lingetusaidia nini? Waliotaka iondoke walisema: mmeona barabara ilivyokatika, seva imeisaidia nini Mbekenyera? Wote walikuwa sahihi, kwa hiyo hatukuamua chochote.

Kalenda ndiyo iliyotuamulia. Microsoft walitangaza kwamba msaada wa Windows 10 ungekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zetu nyingi hazikuwa na sifa za kupokea Windows 11. Kama tunanunua mpya, kwa nini tuziandikishe mara mbili? Tukachagua Agosti na Septemba, kati ya ufuta na korosho.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti ni kwamba hata kompyuta inayobaki haihami kutoka mseto kwenda wingu tupu huku imevaa nguo zake. Inabidi ifutwe, ianze maisha upya. Ukiiwasha inakuuliza barua pepe ya kazini, kisha inaanza kuvuta kila kitu kutoka mtandaoni: kanuni za usalama, programu, masasisho. Kwa bando la simu hiyo ni kazi ya siku nzima. Kilichotuokoa ni uwezo wa Windows wa kompyuta moja kuchukua masasisho kutoka kwa nyingine iliyo nayo ofisi moja. Ya kwanza ilivuta usiku, nyingine zikaenda kwake asubuhi kama watu wanaoomba moto kwa jirani.

Wakati nikisubiri, nilimweleza Mama kwamba sasa atatumia tarakimu sita tu, na kwamba tarakimu hizo zinaishi ndani ya kompyuta yake. Hata mtandao ukikatika itamfungulia. Kompyuta ikiibiwa, nikiwa popote naweza kuagiza ifutwe mara itakapogusa mtandao. Kwetu hilo si jambo dogo, maana humo mna majina, simu na namba za vitambulisho vya wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "sisi wakulima. Wingu tunalijua. Kuna linalonyesha na kuna linalopita."

Nchi hii ina sababu za kusema hivyo. Jirani tu, Nachingwea, ndiko Waingereza walikoleta sehemu ya mpango wao wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili. Walileta matingatinga, wakajenga reli kutoka Mtwara, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Shida haikuwa mashine peke yake. Waliokuwa na kauli ya mwisho walikaa London, na udongo wa hapa haukuwa na namna ya kuwajibu.

Seva yetu tuliizima mwishoni mwa Septemba. Chumba kimekuwa stoo, kiyoyozi kimehamia uhasibu. Halafu likatokea jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wangu wa kazi. Intaneti ya Dar ilipozorota siku moja, wakubwa wakakaa mbele ya skrini wakisubiri faili zifunguke, kama Mama alivyosubiri kwa miaka. Hapakuwa tena na mashine nyuma ya ukuta. Vituo vya kwanza vya wingu la Microsoft barani Afrika, vilivyofunguliwa 2019, viko Johannesburg na Cape Town, na ukiwa huko juu, Dar na Mbekenyera ni vijiji viwili vya mbali. Kwa mara ya kwanza sote tulikuwa matawi.

Naiona hiyo ndiyo faida kubwa ya kuhama, kuliko bei na kuliko usalama. Tatizo lililokuwa la Mbekenyera peke yake limekuwa la kila mtu. Ila usawa wa shida bado si usawa wa dawa: Dar ilipata njia ya pili ya intaneti ndani ya wiki mbili. Mbekenyera haijapata.

Kwa hiyo nimeandika ombi. Nimeomba laini ya kampuni nyingine ya simu, betri ya sola ya kuwasha ruta, na fomu za mizani zinazojazwa bila mtandao na kujipeleka zenyewe mtandao ukirudi, vyote viwepo kabla ya ufuta. Nilimsomea Mama kwa simu. Akaniuliza kama nimemaliza, kisha akaniambia niongeze kaunta buku mbili.

Nimeziongeza.